Injini Iliyoponzwa na Huruma

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa juu ya gunia tupu huko Magunga, mikono imejaa grisi, nikiamini kwamba mabaya yangu yamekwisha. Hakuna hata mmoja wenu aliyenionya.

Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa nyama kabla hajalisoma, mambo ni haya. Mimi ni Joash, makanika wa Uriri. Nilikuwa na gereji Migori mjini pamoja na mwenzangu mmoja, ambaye alivuka mpaka kuingia Tanzania na vifaa vyetu vyote. Alienda pia na mashine ya kuchomelea vyuma, niliyoinunua kwa kuuza cherehani ya mke wangu. Mke wangu, Emmah, sikumwuliza kwanza. Alipojua, alifunga begi akarudi kwao.

Nikamfuata. Mama yake ni mjane, ana mashine ya kusaga unga kando ya barabara, na injini ya ile mashine ilikuwa ikila oili. Akatoa sharti moja: moshi wa buluu ukome, kisha nichukue mke wangu niende zangu. Niliifungua injini nikakuta ringi za pistoni, zile zinazozuia oili isipande kwenye moto, zimelika kabisa. Tukanunua mpya Homa Bay, nikazitia, moshi ukakoma. Ndipo nikakaa juu ya gunia.

Sasa kuna jambo lazima mlielewe. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawashikani mkono, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Mimi namwita Mara, yaani mama mkwe kwa lugha yetu, na hilo jina nalitamka nikiangalia miguu yangu. Tangu nimwoe Emmah, yule mama hajawahi kuniambia neno mimi mwenyewe. Husema na mwanawe Japheth, shemeji yangu, na Japheth huniambia.

Hata kulala kwao siwezi. Nilipanga chumba nyuma ya duka la Mayaka, Mkisii mmoja anayeuza kila kitu kuanzia chumvi mpaka oili ya injini.

Basi nilipoinuka pale kwenye gunia nikamwambia Japheth kazi imekwisha, nataka kuondoka na mke wangu. Mara alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wa mashine, ametupa mgongo. Japheth alikuwa katikati yetu.

"Mwambie injini imetoka hospitali," akasema Mara.

"Anasema injini imetoka hospitali," Japheth akaniambia.

Nilikuwa nimesimama karibu na Mara kiasi kwamba ningeweza kumfukuzia nzi. Nikasema nimesikia.

"Anasema amesikia," Japheth akamwambia mamake.

Mara akaendelea. Mtu akifanyiwa operesheni hapewi jembe kesho yake. Hata mama aliyejifungua juzi huletewa uji kitandani. Kwa hiyo injini ilelewe mwezi mzima: isagishwe debe moja moja tu, mahindi yaingie kidogo kidogo, kisha ipumzike ikiwa inanguruma polepole, halafu debe lingine. Mimi nibaki niiuguze. Ikimaliza mwezi bila moshi, niende na mke wangu.

Nilikuwa na neno kooni. Lakini mtu hambishii mama mkwe, hasa yule ambaye uliuza cherehani ya binti yake. Nikalimeza.

Na kusema kweli, nusu yangu ilikubaliana naye. Siku hizo gari lililotoka kufunguliwa injini lilibandikwa karatasi nyuma ya kuwaomba wengine walipite, likatembea mwendo wa bibi harusi. Tena kazi ya kusaga debe moja na kupumzika haikunichosha. Nilikuwa nakula mihogo ya kuchoma pale mlangoni, namwona Emmah akipita na mtungi, naye siku zingine alikuwa ananitazama.

Mara alikuja kila siku na kigoda chake. Hakuwa akitazama, alikuwa akisikiliza. Nikifungua mahindi yaingie kwa wingi kidogo, injini ikiinamisha sauti, alikuwa anageuza kichwa nusu.

"Mwambie inalia."

"Anasema inalia, shemeji."

Nikapunguza.

Mwezi ulipokaribia kwisha, asubuhi moja niliiwasha injini nikaona kitu nyuma ya ekzosi. Nikajiambia ni ukungu. Kesho yake nikajiambia ni ukungu tena, ingawa jua lilikuwa limetoka. Siku iliyofuata wanawake waliokuja kusaga walikuwa wamejifunika pua kwa kanga, na mmoja akauliza kama ugali wake utakuwa na harufu ya lori.

Moshi wa buluu ulikuwa umerudi.

Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa kikavu. Nikajaza, nikafuta sakafu, nikatandaza katoni chini ya injini. Jioni katoni haikuwa na tone, na kijiti kilikuwa kikavu tena. Oili haivuji, haimwagiki, lakini inakwisha. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hivyo nafikiri walikuwa na injini.

Mtu pekee aliyefurahi ni Mayaka. Alianza kuniwekea kopo langu la oili kabla sijafika dukani, na akawa ananisalimu kwa jina la babangu.

Sasa sikilizeni alivyosema Japheth. Safari hii hakutumwa na mtu, yalikuwa maneno yake mwenyewe, na aliyasema mbele ya mke wake Damaris, mbele ya wateja, na mbele ya Emmah.

"Ringi mpya haziwezi kula oili kabla ya mwezi kwisha. Shemeji, wewe uliuza zile ringi huko huko Homa Bay. Ukapaka hizi kuukuu mafuta, ukazirudisha."

Hakuna aliyecheka. Mtu aliyeuza cherehani ya mkewe anashindwaje na ringi? Mimi mwenyewe kama ningekuwa nimesimama upande wao ningeamini.

Emmah akaniuliza taratibu, "Joash, uliziweka?"

"Niliziweka."

Akachukua mtungi wake akaenda. Iliniuma. Kuitwa mwizi na Japheth ningevumilia, ila Emmah hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu anayetaka sana kuamini na ameshindwa.

Jioni ile Japheth alileta ujumbe mpaka kwa Mayaka. Wazee wa kwao wataketi Jumapili. Moshi ukiwa bado upo, watahesabu ng'ombe niliowaleta wa mahari, wanirudishie, na ndoa iwe imekwisha. Mara alikuwa amesema neno lake ni lile lile: moshi ukikoma, Emmah ni wangu. Ukiwapo, kila mtu ashike njia yake.

Tena walitaka jambo hilo lishughulikiwe haraka kwa sababu ya kupanda. Mvua ilikuwa imeshagusa. Damaris alikuwa amenoa jembe. Lakini kwetu mke wa mwana hatii mbegu ardhini kabla mama mwenye boma hajatia yake, na huyu mama mwenye boma hapandi mbegu za dukani. Ana zake, alizoachiwa na mama wa mumewe. Boma zima lilikuwa linamngoja Mara, na Mara alikuwa amesema atapanda Jumatatu, akimaliza na mimi.

Ijumaa nilifunga mlango wa mashine nikaifungua injini tena.

Nilianza na mambo madogo, maana hofu humfanya mtu aanze na madogo. Labda nilijaza oili kupita kiasi, ikawa inarushwa juu na kuchomwa. Hapana, ilikuwa inapungua, haikuwa imezidi. Labda bomba la injini la kupumulia limeziba, hewa ya ndani inaisukuma oili mpaka kwenye moto. Nikalichomoa, nikalipuliza kwa mdomo, lilikuwa safi. Labda ni valvu, oili inateremka kandokando yake usiku injini ikilala. Lakini hiyo hutoa moshi asubuhi unapowasha tu, kisha huacha. Huu wetu ulikuwa hauachi.

Nikavuta pistoni. Ringi zilikuwa pale pale nilipoziweka, mpya, za Homa Bay, hata alama za kiwandani hazijafutika. Nilikaribia kuzibusu. Halafu nikajiuliza, kama ringi ni nzima, oili inapita wapi?

Nikamulika tochi ndani ya silinda. Nikajiona.

Si utani. Ukuta wa silinda ulikuwa umeng'aa mpaka nikaona uso wangu, na ndevu ambazo sikuwa nimenyoa. Silinda yenye ringi mpya haifai kung'aa. Inatakiwa iwe na mikwaruzo midogo ya kupishana, ndipo oili inaposhika na ringi zinapojisugua mpaka zikalie vizuri. Hii ilikuwa laini kama sahani ya mgeni.

Nikakumbuka jenereta la lodgi moja pale Migori. Lilikuwa kubwa, jipya, na kazi yake ilikuwa kuwasha balbu chache na redio ya mwenye lodgi. Likaanza kula oili kabla hata rangi haijabanduka. Tulilifungua tukakuta kioo kama hiki. Fundi mkubwa aliyetuajiri kabla hatujawa na gereji yetu alisema jenereta lile limekufa kwa uvivu. Sisi tulicheka, tukadhani anatusema sisi.

Ringi haikazwi kwa mkono. Kinachoibana kwenye ukuta ni nguvu ya moto wa ndani, na moto huo huja na kazi. Ukiipa injini mpya debe moja na kuipumzisha, moto unakuwa hafifu, ringi zinaelea tu, oili inapita kandokando, inaungua, na masalio yake yanajipaka ukutani mpaka unang'aa. Kadiri unavyoihurumia ndivyo inavyozidi kuharibika.

Kwa maneno mengine, injini ilikuwa imeharibiwa na mama mkwe wangu.

Sasa mtu aniambie, maneno hayo unayapitishaje kwa Japheth?

Nilijaribu. Nikamwita, nikamwonyesha ringi, nikamwonyesha ukuta. Akajiona usoni, akarekebisha kola. Nikasema mwambie Mara injini haina ugonjwa, inataka kazi nzito. Japheth akatoka, akasema, akarudi.

"Anasema ulipoimaliza ilikuwa haitoi moshi. Umeifungua tena, sasa unataka uipige mpaka ife, ndiyo useme ilikuwa mbovu."

"Hakusema lingine?"

"Amesema jua linashuka. Funga."

Ilikuwa Ijumaa, na Mara ni Msabato wa kuzaliwa. Jua likigusa kilima, mkanda wa mashine unavuliwa. Nilikuwa nimepata muda tu wa kusugua ule ukuta kwa msasa, kwa kupishanisha, juu chini juu chini, nikapangusa, nikarudisha kila kitu na kumimina oili safi. Ilibaki kuiwasha na kuipa mzigo wa kweli papo hapo. Ukiiwasha ikanguruma bure, itajipaka kioo upya.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Jumapili ni wazee. Siku za kazi Mara ananiketia mlangoni. Siku pekee ambayo kigoda kile kinakuwa wazi ni Jumamosi, akiwa kanisani, ng'ambo ya kilima. Na Jumamosi hakuna anayeleta mahindi, kwa sababu wateja wote wako kanisani naye.

Jumamosi asubuhi nikajitia hamnazo, nikaenda mpaka kwenye mashine, nikaketi. Nyimbo zilikuwa zinasikika kwa mbali. Niliitazama ile injini nikaona ndoa yangu iko humo ndani, nayo inataka magunia.

Nikasikia gurudumu la wilbaro. Alikuwa Emmah, na gunia la mahindi mbele yake.

"Nimewaambia kichwa kinaniuma," akasema. "Japheth alikuja nyumbani akacheka, ati umemwonyesha kioo ndani ya injini. Ni kweli kuna kioo?"

Nikamweleza yote. Sikumficha kwamba mkosaji ni mamake. Akafungua kiganja nikaona ufunguo wa ghala.

"Unataka mahindi kiasi gani?"

"Mengi. Mpaka moshi ukome."

"Si kwamba nimekusamehe ile cherehani," akasema. "Lakini nimechoka kurudishwa usichana. Nataka kwenda kwangu. Washa."

Nikapiga hendeli. Injini ikashika, ikatoa wingu la buluu kama la kutangaza kifo. Emmah akamimina gunia lote, nami nikafungua lango la mahindi mpaka mwisho.

Ikalia. Nawaambia, ililia. Iliinama, ikatoa moshi mweusi, mkanda ukapiga kelele, nikahisi mgongo wangu unasubiri sauti ya kusema nipunguze. Hakuna aliyesema. Nikaiacha ipumue kidogo, nikaibana tena. Gunia la pili, la tatu. Emmah alikuwa anaenda na wilbaro na kurudi, uso mweupe kwa unga, na safari moja nikamwona anatabasamu.

Kufikia adhuhuri weusi ulikuwa umepungua na buluu imekuwa nyuzi tu. Nikasema bado kidogo. Emmah akasema ghala limekaribia kwisha, lakini ameona gunia kule pembeni nyuma ya pipa, mahindi ya njano yenye majivu.

Mahindi yote ya kuwekwa hutiwa majivu, wadudu wasiyaingie. Nikang'ata moja. Lilikuwa gumu, karibu linivunje jino, na injini ilikuwa inataka kitu kigumu. Nikamwambia ayalete.

Yalifanya kazi kuliko yote. Injini ilikaza sauti, ikashika mwendo mmoja, imara, na gunia lilipofika nusu nikatoka nje kutazama ekzosi. Sikuona kitu. Kulikuwa na hewa tu, inatetemeka kwa joto. Nikasimama pale, mtu mzima, machozi yakanitoka. Emmah alipokuja kuangalia nami, sikujisumbua kuyapangusa. Tukamalizia lile gunia. Kisha akakimbia nyumbani kufunga begi.

Sauti ya injini husafiri. Sijui nilidhani kilima kitaizuia namna gani.

Mara alifika akiwa na nguo zake za Sabato, Japheth nyuma yake kwa suti, na nyuma ya Japheth nusu ya kanisa. Akageuza mgongo kama kawaida. Injini ilikuwa bado inawaka. Kila mtu alikuwa anatazama ekzosi.

Japheth akachomoa kitambaa cheupe mfukoni, akakishikilia kwenye mdomo wa ekzosi. Akakitoa. Akakigeuza huku na huku akitafuta tone la oili, na nilimwona anavyosikitika kukosa. Akampelekea mamake.

Mara akakikunja kile kitambaa.

"Mwambie mambo ya Sabato ni yake na Mungu wake," akasema. "Mimi nilisema moshi. Moshi umekoma. Sisemi mambo mawili. Wazee nitawaambia wasije. Achukue mkewe."

"Anasema uchukue mkeo," akasema Japheth, kwa sauti ndogo.

Nikajibu asante. Japheth akamwambia asante. Emmah alikuwa amefika, begi mkononi, lile lile aliloondoka nalo Migori. Nilizima injini. Tayari nilikuwa nawaza lori gani litatubeba hadi Homa Bay.

Mara akaingia ndani kuona unga wake. Alipita kando ya magunia, akigusa moja baada ya jingine, mpaka akafika la mwisho. Akatia mkono. Akautoa, akausogeza mlangoni kwenye mwanga. Unga ulikuwa wa njano, na kijivu kidogo cha majivu.

Japheth akasogea, tayari kupokea ujumbe. Hakupewa.

"Emmah," akasema Mara. "Haya mahindi ulitoa wapi?"

"Nyuma ya pipa, mama. Kwani ni ya nani?" Kisha sauti ikaanza kumpotea. "Si mbegu wewe hutundika jikoni, juu ya meko?"

"Panya walihamia jikoni mwaka ule ulioolewa. Nikazihamisha."

Damaris, pale nje, akajishika kiuno. Jembe lake alilolinoa lilikuwa limeegemea ukuta nyuma yake.

Hapo Mara akageuka. Hakugeuza kichwa nusu, aligeuka mzima, akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza nikajua macho ya mke wangu yametoka wapi.

"Joash," akaniambia, mimi mwenyewe. "Jumatatu nitapanda nini?"

Japheth alikuwa amefungua mdomo anifikishie, akaufunga. Emmah alinitazama, akamtazama mamake, akaliweka begi chini.